Siku Kumi za Kumwombea Mbwa

Kazi yangu ni kusoma mita za maji mjini Arusha. Njia yangu ina nyumba 400 na ushee. Kila mwezi nabisha hodi kwenye kila geti, nainama juu ya chemba, nafuta vumbi kwenye kioo cha mita, nanakili namba, naondoka. Ukiniuliza ugumu wa kazi hii, utategemea nikutajie jua, matope ya masika, au mteja aliyekatiwa maji. Yote hayo yapo. Lakini msoma mita yeyote, ukimpa chai na nafasi ya kuongea, atakusimulia habari za mbwa.

Tunawajua kuliko tunavyowajua wenye nyumba. Tunajua nani amezaa, nani amekufa kwa sumu, nani ameuzwa. Mabango hatuyaamini sana. Mengi yameandikwa MBWA MKALI, na mengine, hasa ya mafundi waliochukua mtindo wao ng'ambo ya Namanga, yameandikwa MBWA KALI. Wenzangu kazini husema ile M ndiyo kitu cha kwanza alichong'ata. Zipo nyumba zenye bango na hazina mbwa, na zipo zenye mbwa watatu bila bango. Kwa hiyo tunatazama chini. Alipofungwa mbwa kwa muda mrefu, ardhi hujichora duara: majani yamekufa, udongo umesagika kuwa unga, na ukingo wake umenyooka kama uliopigwa kwa bikari. Ndani ya duara ni kwake. Nje ya duara ni kwetu.

Julai 2019, katika nyumba moja upande wa Njiro, duara lilikuwa halijajichora bado. Mwezi mmoja nyuma yake, watu wa vyuma chakavu walikuwa wameiba mfuniko wa chemba, na mzee mwenye nyumba, mstaafu, akaogopa kwamba wakirudi watachukua mita yenyewe. Akahamisha banda la mbwa na kuliweka pale pale. Mbwa aliitwa Chui. Nilikuwa nimemsikia miaka mitatu akibweka nyuma ya nyumba, sikuwahi kukutana naye uso kwa uso. Dada wa kazi alinifungulia, akasema amefungwa, pita tu. Chui alikuwa amelala mbele ya banda, kidevu juu ya miguu. Hakubweka. Hakunguruma. Nilipopiga goti na kunyoosha mkono kufuta kioo, akanishika chini ya kiwiko, na nilichosikia kwanza ni mlio wa mnyororo.

Yule dada ndiye aliyeniokoa, na nataka ijulikane. Alimvuta mbwa kwa mnyororo, akanipeleka bombani, akachukua sabuni ya kufulia na kuniosha kidonda. Nilipotaka kuutoa mkono akaurudisha. Alikuwa amesikia redioni kwamba mtu aking'atwa na mbwa aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na alikuwa na saa ukutani ya kuziangalia. Damu ikapauka, ikaisha, yeye anaosha tu. Pale chini, ndani ya chemba, mita ilikuwa inazunguka. Ile namba sikuinakili mwezi ule.

Hospitali muuguzi hakuniuliza kama inauma. Aliuliza: mbwa anajulikana? Nikasema ndiyo. Ana chanjo? Mzee alikuwa amesema kadi haipo. Yuko hai? Nikasema nimemwacha hai.

"Basi mwambie mwenyewe asimuue," akasema. "Amfunge, amlishe, amwangalie siku kumi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza huku akitayarisha sindano. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri kwa mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, kisha hushuka kwenye mate. Vikishafika kwenye mate, mbwa hana siku nyingi: ataugua na kufa. Kwa hiyo mbwa aliye mzima siku kumi baada ya kung'ata, siku ile aling'ata kwa mate safi. Mbwa akiuawa leo na kufukiwa, hakuna wa kujua, na aliyeng'atwa atabaki anahesabu wiki na miezi. Kwa binadamu ugonjwa huu huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu kujitokeza, wakati mwingine zaidi, na ukishajitokeza, ukaanza kuyaogopa hata maji ya kunywa, tiba hakuna.

Chanjo ipo, na inafanya kazi ikiwahi. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa huko Alsace, alianza kuchomwa chanjo ya Louis Pasteur, akapona. Kadi yangu iliandikwa siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kila sindano ilikuwa ya kulipia. Nilitoka pale nikiwa na kadi mkononi na jambo moja kichwani: uhai wangu umefungwa kwenye mnyororo mmoja na yule mbwa.

Nilirudi Njiro jioni ile ile na nikakuta vijana watatu wa mtaani getini, mmoja ana rungu. Mzee alikuwa ameshawaita. Kwake ilikuwa ni heshima: mgeni ameumizwa nyumbani kwake, mtumishi wa watu, na mbwa asiyejua mgeni hafai kuiona kesho. Aliponiona akafurahi, akadhani nimekuja kushuhudia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Tunakumalizia sasa hivi."

"Mzee, nakuomba usimuue."

Walinitazama kana kwamba kichaa kimeshanipanda. Ilibidi nirudie maneno ya muuguzi mara mbili, nitoe na kadi. Mwenye rungu alicheka: mtu anamwombea msamaha mbwa aliyemla! Mzee hakucheka. Alifikiri, akasema, "Siku kumi. Lakini uje umwangalie mwenyewe, mimi macho yangu yamechoka."

Kwa hiyo nikawa mgeni wa mbwa. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia Njiro, nikakaa na mzee kwenye benchi la chini ya mparachichi, tukamtazama Chui. Sikuwahi kumtazama mbwa hivyo. Kazi yetu humtazama mbwa kwa jicho la kujihami: yuko wapi, mnyororo una urefu gani, nitapita upande upi. Sasa nilikuwa namtazama kama mtu anavyotazama mgonjwa wake wodini. Amekula? Anakunywa? Anatembea sawasawa? Sauti yake ni ile ile? Muuguzi alikuwa ameniambia, mbwa mwenye kichaa anaweza kung'ata ovyo vitu vyote, miti, mawe, hata mnyororo. Lakini mwingine hunyamaza, taya likalegea, mate yakamtoka, akawa kama aliyekwamwa na mfupa, na hapo ndipo watu wema hutia mkono mdomoni kumsaidia.

Siku ya pili alikula. Siku ya tatu nilichomwa sindano ya pili, nikaja, alikula. Siku hiyo nikaona masikio yake. Ncha zote mbili zilikuwa zimeliwa na nzi, zimekuwa kidonda cheusi kisichokauka, na kila baada ya muda alitikisa kichwa mpaka mnyororo ukalia. Mzee alisema ana mwezi hivyo, tangu ahamie pale, kwa sababu maji ya chemba huvuta nzi.

Siku ya nne afisa mifugo wa kata alifika. Watu pale humwita daktari, na yeye hukubali. Hakumsogelea Chui. Alisimama nje ya mwisho wa mnyororo, ubavu umeelekea kwa mbwa, macho chini, akakaa kimya kwa muda ambao mimi na mzee tulianza kutazamana. Kisha akatuambia tuangalie. Chui alijilamba pua, ingawa hakuwa amekula. Akapiga miayo. Akageuza kichwa upande mwingine, lakini jicho likabaki kwetu, weupe wake ukionekana kama mwezi mchanga. Mkia ukashuka.

"Hayo yote ni maneno," akasema daktari. "Anasema, sitaki ugomvi, ongezeni nafasi. Mngesogea angekakamaa. Mngesogea tena angenguruma. Kung'ata ndilo neno la mwisho."

Nikamwambia, mimi hakuningurumia. Alikakamaa labda, sikuwa namtazama usoni, lakini sauti hakutoa.

Daktari akamgeukia mzee. "Huyu mbwa akinguruma mnamfanya nini?"

Mzee hakujibu. Aliyejibu ni mjukuu wake wa miaka kama kumi, aliyekuwa anasikiliza dirishani. "Anapigwa," akasema. "Babu hapendi awangurumie wageni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchana wageni huja, mbwa akinguruma anapigwa kwa fimbo kwa sababu anaaibisha nyumba. Usiku wezi wanaweza kuja, mbwa akibweka anasifiwa kwa sababu analinda nyumba. Kwa miaka minne Chui alikuwa amejitahidi kuielewa sheria hiyo, na alichoelewa ni kwamba kunguruma kuna fimbo. Akaacha kunguruma. Lakini hofu iliyokuwa inamfanya angurume haikuondoka. Fimbo ilikuwa imevunja kengele na kuuacha moto. Watu husema anayebweka haumi. Siku hizi nausoma msemo huo upande wa pili: anayebweka bado anazungumza na wewe, mshukuru.

Daktari alimuuliza mzee alimpataje. Alimpata kwa rafiki yake, akiwa na miezi minne, mtoto pekee aliyebaki, amelelewa ndani ya banda la nyuma, haoni watu ila mkono unaoleta chakula. Mzee alimpenda kwa sababu hiyo hasa. Aliambiwa mbwa asiyezoea watu ndiye mlinzi. Akamkata na mkia, awe mkali.

Daktari alitutajia jaribio moja, na usiku nililitafuta kwenye simu nikalipata. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine huko Marekani, walichapisha matokeo ya kulea watoto wa mbwa kwenye shamba lililozungushiwa uzio mrefu, wakiwalisha bila kuonana nao. Baadhi ya watoto walitolewa wiki moja kukaa na watu, kila kundi katika umri wake, kisha wakarudishwa. Wengine hawakugusana na mtu mpaka wiki ya 14. Hao wa mwisho walikuwa kama wanyama wa porini. Hata baada ya kubembelezwa wiki nyingi, walibaki na hofu. Mlango wa mbwa kumjua binadamu hufunguka karibu wiki ya tatu na huanza kufunga kabla ya mwezi wa nne. Chui alifika Njiro ukiwa umeshafungwa. Tangu hapo, kila mtu kwake ni jambo la kuogopesha, na mnyororo umemwondolea lile ambalo kila mnyama mwenye hofu hulifanya kwanza, yaani kukimbia.

Siku ile nilirudi nyumbani nikaupanga upya mchana wangu kwa macho ya mbwa. Mara moja kwa mwezi anakuja mtu asiyemjua, ana viatu vizito, ana kipande cha nondo mkononi cha kuinulia mifuniko. Mbwa anabweka. Baada ya dakika tatu mtu anaondoka. Anaondoka kwa sababu namba ameshaipata, lakini mbwa atajuaje? Anaona amebweka na hatari imekimbia. Mwezi ujao atabweka zaidi, kwa kuwa dawa imefanya kazi. Hivyo ndivyo msoma mita, mbeba gesi, mzoa taka na mtoto anayekatiza njia kwenda shule wanavyomfundisha mbwa kwamba ukali unalipa, bila kujua kwamba wanafundisha. Na mtoto akiongeza jiwe juu ya somo, mbwa anakariri.

Siku ya sita Chui hakula.

Mjukuu ndiye aliyenipa habari hiyo getini, kabla sijaamkia. Sahani ya ugali na dagaa ilikuwa pale tangu mchana, imejaa, nzi juu yake. Chui alikuwa amelala ubavu. Nilikaa kwenye benchi na sikuweza kuongea na mzee. Mkono ulikuwa unaniwasha pale penye kidonda, na nilikuwa nimesoma kwamba kwa wagonjwa wengi ndivyo huanza, kidonda kilichopona huwasha na kufa ganzi. Kidonda changu kilikuwa kinapona, na kidonda kinachopona huwasha. Hilo nilijua pia, lakini halikunisaidia. Nilimfikiria mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwambia ni mkwaruzo. Nilifikiria namna ya kumweleza kwamba nangoja mbwa.

Kisha Chui akainuka. Akaenda kuelekea sahani, mnyororo ukakaza, akasimama. Ulimi wake haukufika. Sahani ilikuwa nje ya duara kwa upana wa kiganja. Mtoto, tangu nilipong'atwa, alikuwa anaogopa kuisogeza kwa mkono, akaisukuma kwa fimbo ya ufagio, na fimbo ikaishia pale. Mbwa alikuwa ameshinda na njaa akikitazama chakula, na sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukikiita hicho kichaa.

Niliisogeza kwa nondo yangu, taratibu, ubavu umeelekea kwake kama nilivyoonyeshwa. Alikakamaa, akalamba pua, akangoja nirudi nyuma. Akala yote.

Siku ya kumi alikuwa mzima. Muuguzi alinitazama, akaiandika kadi, akasema sindano zilizobaki hazihitajiki. Nilimwambia mke wangu usiku ule, yote, na alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Mimi nilikuwa na sabuni, dada mwenye saa ukutani, pesa ya sindano na mbwa anayejulikana kwao. Wengi hukosa kimoja au vyote. Makadirio ni kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi wao wa Asia na Afrika. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, kama asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinga yake haina miujiza: chanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, rudia, na ugonjwa hukosa pa kupita. Kuwapiga risasi au kuwapiga rungu hakusaidii, maana nafasi ya aliyeuawa huchukuliwa na mwingine asiye na chanjo. Ndiyo maana kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kama siku ya ugonjwa huu, na mahali pengi watu hupanga foleni na mbwa wao kwenye uwanja wa shule, kila mmoja ameshika kamba. Septemba ile mzee alikuwa kwenye foleni. Chui alikuwa amevishwa mdomoni kikapu alichokisuka yule dada. Masikio yalikuwa yamepakwa dawa, banda limerudi nyuma ya nyumba, na chemba ilikuwa na mfuniko wa zege ambao hakuna mwizi wa chuma anautaka.

Lakini chanjo huzuia kichaa, haizuii kung'ata. Mbwa wengi wanaoniweka roho juu katika kazi hii ni wazima kabisa. Wana akili timamu na wamejifunza vizuri walichofundishwa, kwa njaa, kwa mnyororo, kwa upweke, kwa fimbo, kwa kidonda kisichotibiwa. Ukali wao tumeuagiza sisi na kuulipia, kisha hukabidhiwa mtu mwingine mlangoni. Mwenye nyumba mbwa hamng'ati mara nyingi. Anayelipa ni mpita njia.

Mwaka jana, katika nyumba nyingine ya njia yangu, nilisikia sauti ndogo ikilia ndani ya pipa. Pipa lilikuwa limefunikwa kwa bati, jiwe juu yake. Kijana aliyenifungulia geti alisema ni mbwa wao mpya, ana wiki saba. Wanamweka gizani, na chakula wanamchanganyia pilipili.

"Ili iweje?"

"Awe mkali."

"Kwa nani?"

"Kwa wezi, bro."

"Atamjuaje mwizi?"

Hakuwa amewahi kuulizwa. Alifikiri kweli, kichwa ameinamisha, huku yule wa ndani ya pipa akikwaruza.

"Ni yeyote asiyeishi hapa," akasema.

Nyumba 400 na ushee ninazosoma, na hapana hata moja ninayoishi. Nilimwomba aondoe lile bati, na kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwake, aliliondoa. Kitoto kilitoa kichwa, kikafumba macho kwa jua. Nikanyoosha mkono, kiganja kimefungwa, nikauacha pale ukinuswa, mpaka simu ya kazini ikaita kuuliza nimefika nyumba ya ngapi.